Benchi Nje ya Chumba cha Maziwa

Siku yangu ya kwanza kazini Marekani nilikabidhiwa glavu, mkasi wa kukatia maboksi, na orodha ya vitu kumi na vinane. Ilikuwa Louisville, katika ghala la shule ya masafa, yaani shule ambayo mwanafunzi haendi darasani. Darasa linamfuata nyumbani kwa intaneti. Kule Uvira nilikuwa mwalimu wa hesabu. Hapa nilikuwa mpakiaji wa lile tuliloliita sanduku la mwaka: kompyuta, vipokea sauti vya masikioni, vitabu, madaftari na vikorokoro vyake vyote.

Msimamizi wa Ghala, mzee mrefu ambaye sikuwahi kumwona ameketi, alilichukua sanduku langu la kwanza, ambalo nilikuwa nimeshalifunga kwa utepe, akalipasua na kumwaga kila kitu mezani.

"Chaja iko wapi?"

Nilikuwa nimeisahau.

"Mtoto huyu anaishi shambani, mbali na duka lolote," alisema bila kupandisha sauti. "Umemfungia shule kwa ajili ya waya mmoja."

Tangu siku hiyo chaja niliipakia kwanza. Ninyi mnaoingia katika kazi hii sasa mna mashine za kuhesabia, lakini kanuni haijabadilika: mwaka wa mtoto wa mbali unaharibikia kwenye kitu kidogo, na unaharibika kabla haujaanza.

Baada ya miaka kadhaa nilihamia Columbus. Nilipanga Whitehall, karibu na dada yangu, nikawekwa kwenye dawati la mahudhurio la shule ileile. Mahudhurio ya masafa hayaitwi majina kama tulivyozoea. Kamera inatazama kiti. Kiti kikikaa kitupu dakika tano, kipindi kizima kinaandikwa "hayupo". Kazi yangu ilikuwa kuwapigia simu wazazi wanaosema Kiswahili. Mkuu wa Mahudhurio, mama mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, alinisikiliza nikimhoji baba mmoja kama askari wa trafiki. Nilipokata simu akaniambia:

"Usimuulize mzazi kwa nini mtoto hayupo. Atajitetea. Muulize, wakati wa somo, chumbani kunatokea nini."

Niliyaandika maneno hayo katika daftari langu. Kuyaandika nilijua, kuyaelewa kulingoja Buffalo.

Buffalo ndiko nilikopata cheo nilichostaafu nacho: mwandaaji wa nyumba za masafa. Niliishi Riverside, hatua chache kutoka Mto Niagara, na kila Agosti nilizunguka mashambani na gari langu dogo kuhakiki kwamba kila nyumba iko tayari kwa mwaka mpya. Kazi hiyo ina mpangilio wake. Kwanza ni jaribio la wote: unawasha kompyuta zote kwa wakati mmoja, kwa sababu laini inayobeba mtoto mmoja inaweza kulemewa na watatu. Pili ni jaribio la mwanga, linalofanywa saa ileile ya somo la kwanza, maana jua la asubuhi likiingia kwenye kamera mwalimu haoni uso, anaona kivuli. Tatu ni jaribio la theluji: watoto wanafanya somo moja bila umeme, kutoka kwenye mfuko wa masomo ya wiki mbili yaliyochapishwa kwenye karatasi, unaoning'inizwa ukutani kwa siku ambazo theluji ya ziwa itaangusha nguzo za umeme.

Miongoni mwa nyumba zangu ilikuwa ya Papa Samweli, mtu wa milima ya Kivu Kusini kama mama yangu mzazi. Alikuwa ameacha kazi ya kiwanda mjini, akakodi shamba lenye ng'ombe. Aliishi na mama yake, ambaye sote tulimwita Koko, yaani bibi, na watoto watatu: Neema, binti mkubwa, kisha Samweli, ambaye baba aliitwa kwa jina lake, na Amani. Mwaka wao wa kwanza niliuandaa mwenyewe. Shule tuliiweka sebuleni, chumba bora kuliko vyote, chenye makochi na vitambaa vya kufuma. Majaribio yote matatu yalifaulu. Niliondoka nikijisifu.

Julai iliyofuata Mratibu, ambaye ndiye aliyekuwa bosi wangu, aliniita ofisini akanionyesha karatasi. Mistari ya watoto wale watatu ilikuwa imejaa "hayupo, hayupo, hayupo".

"Wanatoroka," alisema. "Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya ukiwa hivi, naondoa kibali cha nyumba ile."

Nilimfikiria Neema. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu. Katika kambi ya wakimbizi alikuwa amepoteza miaka, na alipofika Marekani akashushwa darasa. Shule ya mji wa karibu ilikuwa imeshasema wazi kwamba ikimpokea itamshusha tena. Nilipompelekea habari hizo akanijibu kwa Kiingereza kwamba hatarudi nyuma mara ya pili. Afadhali aende kupanga maboksi ghalani. Hakulia. Alifunga kompyuta taratibu, na hilo lilinitisha zaidi.

Basi Agosti ile sikubeba vifaa tu. Nilibeba daftari na lile swali la Columbus. Niliomba watoto wafanye somo la majaribio sebuleni, nami nikaketi pembeni.

Dakika ya nane mlango uligongwa. Ni mume na mke kutoka mjini, wamekuja kununua maziwa. Samweli alivua vipokea sauti, akasimama, akawapa mikono miwili. Habari za safari. Habari za watoto. Habari za wagonjwa. Kisha Amani. Kisha Neema, ambaye pia alikwenda kuwaletea viti. Nikatazama saa, nikatazama kamera. Ilikuwa inatazama viti vitatu vitupu.

Kabla somo halijaisha walikuja wageni wengine mara mbili.

Hapo ndipo nilipoona aibu. Mwaka mzima nilikuwa nikija katika nyumba ile kukagua vifaa saa za masomo, na kila mara watoto wote watatu walisimama kunisalimia. Sikushtuka hata mara moja. Nilifurahi! Nilifungua ripoti zangu za zamani nikasoma kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Watoto hawa wana adabu sana." Mratibu angekuwa mwandaaji angeliona jambo hilo siku ya kwanza. Mimi nililelewa ndani yake, ndiyo maana sikuliona.

Nilimweleza Papa Samweli. Alinitazama kama niliyemtukania ukoo.

"Madame, donc unataka mgeni aingie kwangu, watoto yangu wamtazame kama mbuzi?"

"Hapana, Papa. Wasimwone kabisa. Tuwatoe sebuleni."

"Tuwafiche? Watu watasema Papa Samweli amekuwa mzungu. Mtoto asiyesalimia, ni mtoto ya nani?"

"Ni mtoto anayemaliza shule."

"Bon. Amalize shule, na akose kusalimia watu. Hiyo shule itamfaa nini?"

Tulikwama hapo. Neema alikuwa amesimama mlangoni, ametazama chini. Koko, aliyekuwa akichambua maharage kana kwamba hasikii, aliweka ungo pembeni.

"Weye," alimwambia mwanawe, "kule milimani, ukikuta mtu anakamua, unamsalimia?"

"Hapana, Mama."

"Unafanya nini?"

"Nangoja aweke chombo chini."

"Na yeye ni mtu hana adabu?"

Papa Samweli akatikisa kichwa.

"Basi hawa watoto wanakamua," alisema Koko, akarudia maharage yake. "Wageni watangoja. Mimi nitawaambia."

Wiki ile tulihamishia shule katika chumba cha zamani cha tangi la maziwa, ng'ambo ya ua, chenye mlango wake. Papa Samweli alipaka ukuta rangi, mimi nikarudia majaribio yote upya. Nje ya mlango tuliweka benchi. Ratiba niliyoiandika ilikuwa na kipengele ambacho hakuna mwandaaji mwingine aliyewahi kukipeleka ofisini: mapumziko ya saa nne, dakika kumi na tano, kusalimia wageni.

Mwezi wa kwanza haukuwa na "hayupo" hata moja. Mratibu hakuamini, akaja mwenyewe bila taarifa. Nilimkimbilia uani, lakini Koko alikuwa amewahi kumzuia kwa fimbo.

"Mwambie aikale," aliniamuru, akionyesha benchi.

"Koko, huyu ndiye mkubwa wangu."

"Hata akiwa gavana. Watoto wanakamua."

Nilitafsiri, nikalainisha kidogo. Mratibu aliketi kati ya mchungaji na mama mmoja mwenye dumu la maziwa. Saa nne mlango ulifunguliwa, watoto watatu wakatoka, wakampa mikono miwili mmoja mmoja, wakamuuliza habari za nyumbani kwake hadi akacheka. Fomu ya kibali aliisaini palepale, juu ya goti lake.

Juni Neema alimaliza. Alivaa joho katika ua uleule, na Koko akapiga vigelegele hadi ng'ombe wakageuka. Nami nilistaafu mwezi huohuo.

Vijana huniuliza kazi hii inahitaji nini. Nawaambia: majaribio matatu, chaja kwanza, na macho ya kuitazama nyumba yako mwenyewe kama mgeni. Hilo la mwisho ndilo lililonichukua muda mrefu kujifunza.

Msimu huu wa masomo nilikwenda kuwatembelea, bila daftari. Koko hakunikaribisha ndani. Alinyoosha fimbo kuelekea benchi, na hapo nilimkuta mtu mwingine amekwishaketishwa, na mkoba wa chuo cha uuguzi magotini.

"Hata wewe?" nilimuuliza.

"Hata mimi, Madame," alisema Neema. "Amani anakamua."

Tukasogeleana, tukangoja saa nne.