Futari ya Saa za Deira

Mwaka nilioanza kuwapikia watazama ndege, Deira nzima, mtaa wetu kule kwa Waarabu, tulifuturu kwa tikiti maji. Ramadhani iliangukia kiangazi. Uji wa moto nani angeutaka? Siku niliyokwenda ofisini kuomba kazi, Madam mwenye kampuni ya misafara aliniuliza, "Mama, unajua ndege?"

"Najua kuku, Madam. Wa kupaka."

Akacheka, akaniandika. Wiki ile ile nikasafirishwa hadi kisiwa cha kaskazini kabisa, kupikia kambi ya wageni.

Wajukuu zangu, kazi ile ilikuwa na adabu zake. Chai iive kabla wageni hawajaingia maficho, kile kibanda cha mbao cha kuchungulia ndege kwa darubini. Sufuria nilizifunga vitambaa zisigongane. Mahamri niliyakanda nimevaa makoti mawili, na yaliumuka!

Balaa lilikuwa jua. Linazunguka tu, halizami! Shehe wa msikiti wetu wa Al Muraqqabat alishaniambia msafiri ana ruhusa ya kula. Nikitaka kufunga, nifuate saa za mji wenye usiku. Nikachagua mji wangu. Mwanaisha, tuliyekaa naye chumba kimoja Deira, alinipigia simu kila adhana ya magharibi.

Jioni moja simu kimya. Sir, kiongozi wa msafara, akanisukumia sahani. "Khalas, Mama, kula. Nani atakuona?"

Nikamjibu kwa Kiswahili, maana ukaidi wangu hauna lugha nyingine: "Sifungui kabla ya wenzangu wa Deira."

Chakula kikapoa. Wageni wakaweka vijiko chini, wananitazama mimi badala ya ndege. Mara akatua mmoja mlangoni pa hema, mnene, mdomo mwekundu kama kapaka lipustiki, kabana samaki tele wa kumlisha kinda wake, hamezi hata mmoja.

"Huyo naye kafunga!" nikasema, safari hii kwa lugha yao. Hema zima likaangua kicheko, na simu ikalia.

"Mtandao ulikufa!" Mwanaisha akapiga kelele. "Adhana ilishalia! Kula, mwanamke!"

Tangu siku ile Sir alinisumbua nimfundishe maneno yangu yale ya Kiswahili.

Nilikwenda kila kiangazi mpaka magoti yakagoma. Shule sikukaa, lakini nimeona watu wazima wakilia kwa furaha ya ndege mmoja. Wangapi mtaani kwetu wameona hayo?

Siku ya kuniaga, ofisini Deira, ilikuwa Ramadhani tena. Alasiri nikawaandalia kaimati wasiofunga. "Yalla, Sir, kula. Wewe hukufunga."

Akaficha mikono mgongoni kama mtoto.

"Sifungui kabla ya wenzangu wa Deira."