Kofia Iliyobaki kwa Wachoma Matofali

Baridi ya mwezi wa sita ikianza kuuma masikio hapa Lubumbashi, namkumbuka yaya, kaka yangu mkubwa, akigonga mlango wa chumba chetu cha wasichana kabla jua halijatoka: "Lamuka! Barabara haitakuya kukubeba hapa!"

Nilikuwa najitayarisha kwa mashindano ya mbio ya shule. Siku za kawaida tulizunguka mitaa ya Kampemba tu, lakini Jumamosi, siku ya posho kama wazee wetu wanavyoiita bado, ilikuwa ya mbio ndefu. Tulishika barabara ya Kasumbalesa, malori yakitupita na vumbi lao jekundu, mpaka kwa watu wanaochoma matofali, halafu kurudi. Kwangu ilikuwa mbali kama Zambia yenyewe.

Kila tulipofika katikati ya njia, miguu yangu ilianza kutafuta sababu ya kugeuka. Yaya alilijua hilo. Safari ya kwanza aliwaachia wachoma matofali kidumu chetu cha maji, kitupu. Nikamuuliza kwa nini tusirudi nacho. Akacheka.

"Sasa posho ingine utakataa kufika? Kitu yako iko kule!"

Ikawa desturi yetu. Tukifika tunachukua tulichoacha, tunaacha kingine. Na njiani yaya alisalimia watu wote, mimi nimejificha nyuma ya mgongo wake. Salamu yake ilitosha wawili. Kulikuwa na mama mmoja aliyekaanga mikate ya mafuta pembeni ya barabara, pamoja na wenzake wawili. Alikuwa akimwita yaya bwana yake.

"Bwana yangu, unaniletea nini?"

"Jasho tu, mama!"

Wale mama watatu walicheka mpaka tukapotea kwenye kona. Kicheko kile bado nakisikia.

Halafu yaya akapata kazi kwenye lori la mjomba. Akaenda kulala foleni huko mpakani, Kasumbalesa, na kofia yake ya bluu, tuliyoiacha mara ya mwisho, ikabaki kwa wachoma matofali.

Posho ya kwanza bila yeye, nilifika mahali harufu ya mikate inapoanza, nikageuka. Iliyofuata, vilevile. Sikuogopa mbio. Niliogopa kupita mbele ya wale mama peke yangu na kufungua kinywa. Yaya akapiga simu, nyuma yake honi za malori zikilia.

"Kofia yangu ulikamata?"

"Bado, yaya."

"Ni muzuri. Acha ioze kule. Na mashindano pia, acha."

Hakusema kwa hasira, na ndicho kilichoniuma.

Posho iliyofuata niliamua kuwapita kama upepo. Nilivuka upande wa pili wa barabara, nikainamisha uso, nikakimbia kwa nguvu zangu zote bila kusema jambo. Nyuma yangu nikasikia ukelele.

Kwetu, mtoto akikupita asubuhi anakimbia, uso chini, bila salamu, maana yake ni moja: anapeleka habari ya kilio. Nilipogeuka, mama wote watatu walikuwa wananifuata mbio, vikwembe wamevifunga kiunoni, mmoja ameshashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mutoto! Nani alikufa? Ni yaya yako?"

"Hapana, mama! Haina kilio. Niko nakimbia tu."

"Unakimbia nini?"

"Mbio tu, mama. Ya mashindano."

Walitazamana. Kisha yule mdogo wao akapiga makofi: "Yee! Na mikate yangu iko naungua!" Wakacheka wakishika magoti, na mimi pia, machozi yakinitoka, sijui ya haya au ya nini.

"Sasa unatupitia kama mbuzi?" akaniambia yule aliyemwita yaya bwana yake. "Miye nilizani uko bubu."

"Jambo yenu, bamama."

"Jambo sana! Na bwana yangu iko wapi?"

Nikamwambia yote, foleni ya Kasumbalesa, lori, kofia. Sikuwa nimewahi kuongea hivyo na mtu asiye wa nyumbani. Alinyoosha mkono.

"Basi enda ukamate kofia ya bwana yangu. Lete hiyo triko ya baridi, nitakuchungia. Ukirudia njia ingine, siku ya mungu naivaa ku kanisa!"

Nikavua triko, sweta langu la asubuhi. Jasho likakauka mgongoni, na hakukuwa tena na namna ya kugeuka mapema: wangeniona nikirudi bila kofia.

Kofia niliikuta kichwani kwa kijana anayepanga matofali. Haikuwa bluu tena, ilikuwa na rangi ya udongo wao.

"Tulizani mulihama," akasema, akiipiga kwenye goti. "Na leo unaacha nini?"

Sikuwa na kitu. Nikafungua kitambaa changu cha kichwa, nikampa.

Mashindano yamepita sasa. Nilikimbia katikati ya mji, mbele ya mabenki, kofia ikinifunika macho kwa ukubwa wake. Wengi walinitangulia, lakini sikugeuka. Yaya bado yuko kwenye malori yake. Shule hainidai mbio tena, na nyumbani mama yangu anauliza kwa nini posho bado naamka na giza.

Kitambaa changu kiko kule.