Uso Ulionuna

Mdogo wangu aliuawa kijijini kwetu, mashariki ya Kongo, na mwili haukupatikana. Hapa ukimbizini Yeoville hatukumfanyia matanga. "Bila maiti, watu walilie nini?" alisema mjomba. Nikaendelea kushona nguo za harusi za wengine, yeye hajaliliwa.

Siku moja jirani yangu, Mrundi anayesuka nywele, akaniambia kuna jumba la makumbusho la watu waliouawa: Wayahudi kule Ulaya, Watutsi kule Rwanda. "Picha zao zipo ukutani, dada. Kuingia ni bure." Nikasema hapo ndipo nitakapomlilia mdogo wangu.

Msibani hatuendi mikono mitupu. Nilipika maandazi, yeye akabeba chupa ya chai. Mlangoni askari akatuzuia: hakuna chakula ndani.

"Sasa wafiwa wanakula nini?" jirani akamuuliza; Kiingereza chake kinazidi changu.

Askari akachukua maandazi, akaomba vitambulisho. Nyuma yake ukuta mzima uliandikwa haki za binadamu. Nikampa karatasi yangu ya ukimbizi. Akaigeuza mbele na nyuma kama anayetafuta bei.

Ndani palikuwa safi na baridi. Watu walipita mbele ya marehemu wamekunja mikono. Kijana mmoja alijipiga picha ya majonzi, haikumridhisha, akarudia. Nilitafuta kiti, hata mkeka, nikakosa. Kulia wima sijui. Tukageuka kutoka.

Karibu na mlango kulikuwa na skrini ndogo yenye nyuso tatu za kubonyeza: unaocheka, wa kati, ulionuna. Juu yake iliandikwa: Ziara yako ilikuwaje? Watoto wa shule mbele yetu walibonyeza wote unaocheka. Mimi nikabonyeza ulionuna. Watu wamekufa, ningebonyeza upi?

Mama mmoja wa ofisini akaja mbio. "Mama, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Ila hamna viti."

"Viti vya nini?"

"Vya kulilia," jirani akadakia.

Yule mama akaenda mwenyewe, akarudi anasukuma viti viwili vya ofisini, vya magurudumu. Nikakaa mbele ya picha ya kijana asiyefanana na mdogo wangu hata kidogo, nikalia kwa sauti. Kila kwikwi ilikirudisha kiti nyuma, jirani akakishika. Askari alikuja kuchungulia, mdomo wake unang'aa mafuta ya maandazi. Msibani hilo si kosa.

Tulipotoka, yule mama alitusindikiza hadi kwenye skrini, akitabasamu.

"Sasa je, mama?"

Niliona anavyotamani uso unaocheka. Nikamshukuru, nikamshika mkono. Halafu nikabonyeza ulionuna tena. Mdogo wangu alikuwa bado amekufa.