Dawa ya Maji ya Mama

Kila asubuhi, kabla sijanywa chai, naenda uani kunusa maji. Nafunua mfuniko wa jakuzi, lile beseni kubwa la kuogea maji ya moto, nainamisha uso kwenye mvuke, navuta pumzi ndefu. Yasiponuka kitu nashukuru Mungu na kwenda kubandika birika. Yakinuka, siku imeshaharibika na jua bado halijatoka. Sikusomea kazi hii. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, na nilidhani nikirudi nyumbani ninakuwa nimemaliza kulea.

Jakuzi lilikuja kwa ajili ya mama. Mama yangu alilima mihogo na kuokota korosho Mahurunga maisha yake yote, kazi zote mbili za kuinama, na magoti yalipokataa nikamleta kwangu Mtawanya. Maumivu aliyavumilia. Alichoshindwa kuvumilia ni kiti. Alikuwa anasali amekaa kwenye kiti cha plastiki, anainamisha kichwa kidogo badala ya kusujudu, na kila akimaliza anakitazama kiti kile kwa chuki. "Nakaa mbele ya Mungu kama nasubiri kuitwa dirishani," aliniambia. Alitaka jambo moja tu, paji la uso wake lifike chini kabla hajafa. Alilisema bila kulia, kwa sauti ileile anayoagizia sukari.

Hospitali walisema maji ya moto yatasaidia viungo kulegea. Mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi bandarini Dar es Salaam, akasikia kuna nyumba hapa mjini walimokuwa wakikaa wageni wa kampuni ya gesi, wamehama, na mwenye nyumba anauza vitu. Akanunua jakuzi kwa simu bila kuniuliza. Nilitoka shule siku hiyo nikakuta lori la korosho limesimama mlangoni, vijana wamebeba dude la plastiki la buluu, na mtaa mzima uko nje. Tukaliweka uani chini ya paa la makuti, fundi akaunganisha umeme. Gesi yenyewe inatoka Msimbati, pua na mdomo, lakini umeme wetu unakatika unavyotaka.

Kulijaza haikuwa shida. Shida ilikuwa kuyafanya maji yabaki safi. Maji ya moto yanayokaa, na mtu anaingia humo kila siku, yanaharibika upesi kuliko mchuzi. Lazima yawekwe dawa. Mjini nilipata dawa ya aina moja, klorini ya unga kwenye ndoo, na muuzaji alijua jambo moja tu kuhusu dawa hiyo, kwamba ni ya bwawa la kuogelea.

Siku za mwanzo zilikuwa raha. Mama aliingia na kanga yake, nimemshika mkono, akakaa mpaka maji yakamfika mabegani, akafumba macho. Alipotoka alitembea hadi mlangoni bila kushika ukuta. Halafu kikaja kikohozi. Kwenye joto klorini haitulii, inapanda na mvuke, na mvuke ulikuwa unampiga mama puani. Macho yakawa mekundu. Akitoka alinuka kama wodi iliyotoka kupigwa deki, na hakukubali kusali na harufu ile, kwa hiyo ilinibidi nimwogeshe tena kwa maji ya ndoo. Ustadhi wa mtaani alimwambia dawa kidogo haina neno, hata maji ya bomba yana dawa. Mama akamshukuru sana, akamkaribisha chai, na alipoondoka tu akaniambia nilete ndoo.

Nikapunguza dawa. Maji yakawa na ukungu, ukipitisha mkono unateleza. Nikaongeza. Mama akakohoa. Nikapunguza tena. Nilikuwa nafundisha watoto kujumlisha na kutoa huku akili yote iko kwenye ile ndoo.

Mdogo wangu hakukosa ushauri. Walio mbali huwa hawaukosi. Kila jioni ulikuja ujumbe wake wa sauti. "Dada, pima kwanza." Akanitumia vikaratasi vya kupimia, unachovya, vinabadilika rangi, unalinganisha na rangi za kwenye kopo. Nilichovya mpaka vikaisha, na kila siku vilisema dawa imekwisha majini wakati mimi nimeitia asubuhi ileile. "Dada, siku hizi wenzetu wanatumia chumvi." Nikamjibu kama ni chumvi, bahari iko hapa, aje achote. Baadaye nikaelewa kwamba chumvi peke yake haifanyi kitu, inataka mashine ya kuigeuza iwe klorini ileile inayomkohoza mama. Akaja na habari ya mashine nyingine, ya kusafisha maji kwa umeme. Nikamwuliza umeme upi. Mwisho akasema bromini, ni ya vidonge, inavumilia joto na harufu yake ni ndogo. Nikamwambia aitume basi, maana huku haipo. Akasema ataiulizia, na kuulizia kwake kulikwenda polepole sana.

Wakati huo mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa akishinda naye ninapokuwa shuleni. Ni mwanamke wa vitendo, viganja vyake bado vina weusi wa kubangua korosho. Siku moja nikarudi nikakuta maji yameng'aa, unaona mpaka skrubu za chini kabisa.

"Nimeyatia mlonge," akasema. "Sisi maji ya mto yakiwa tope tunatwanga mbegu, tunatia, yanatulia. Nyie mnahangaika na madawa."

Nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba chochote kilichong'aa kwangu kilikuwa kisafi. Nikaiacha klorini, mama akajiloweka bila kukohoa hata mara moja, na mama mdogo akatembea uani kifua mbele. Baada ya siku chache mama akatokwa na vipele mapajani na mgongoni, vyekundu, vyenye usaha. Chujio la jakuzi likaziba kwa unga wa mbegu. Mlonge unazamisha tope kweli, ila vijidudu vingine vinabaki palepale vikifurahia joto. Nesi akampa dawa ya kupaka na kumkataza kuingia majini mpaka apone.

Magoti yakakaza tena. Mama akarudi kwenye kiti chake.

"Basi, mama," akaniambia. Ananiita mama akinionea huruma. "Liuze tu hilo dude. Mungu anajua magoti yangu yalivyo."

Huruma yake ndiyo iliyonipandisha hasira. Nilimkasirikia mdogo wangu, nikamkasirikia mama mdogo, nikawakasirikia na wageni wa gesi ambao sikuwahi hata kuwaona. Nikang'oa kizibo, nikayaachia maji yote yaende kwenye migomba, nikaingia ndani ya jakuzi na brashi ya chooni, mpya lakini, nikaanza kusugua kama nagombana na mtu.

Ndipo mkono wangu ulipoteleza. Pembeni, pale maji yanapoishia, kulikuwa na mstari mzito wa njano kuzunguka jakuzi lote. Nikaunusa. Nazi, tangawizi, na karafuu kwa mbali. Yalikuwa mafuta ya mama mdogo. Kila siku, kabla mama hajaingia majini, mama mdogo alikuwa anamkanda miguu kwa mafuta ya nazi ili mishipa ifunguke, na mama anaingia anang'aa mpaka kwenye nyayo. Nilikuwa naliona hilo kila siku ya mapumziko na sikuwahi kulifikiria. Mafuta yalikuwa yanaila dawa. Ile klorini yote niliyokuwa natia ilikuwa inapigana na nazi, na ule ukali wa harufu ulikuwa wa dawa iliyochoka kwa uchafu. Nilikaa chini mle ndani ya jakuzi tupu, nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.

Kumwambia mama mdogo ilikuwa kazi kubwa kuliko kusugua.

"Kwa hiyo mikono yangu ndiyo uchafu," akasema.

"Hapana, mama mdogo. Mafuta tu. Umkande akitoka, siyo akiingia."

"Nimemkanda miaka yote hii. Wewe na vikaratasi vyako umemkanda lini?"

Ilikuwa kweli. Mama ndiye aliyeamua. Akasema mwili ukitoka kwenye joto ndipo unapokunywa mafuta, hata nywele huwa hazipakwi mafuta kabla ya kuoshwa. Mama mdogo akanuna, siku kadhaa hakuja, halafu akaja na chupa mpya ya mafuta na kuuliza mgonjwa anatoka majini saa ngapi.

Vidonge vya bromini vilifika kwa basi ndani ya boksi la viatu. Unaviweka kwenye kikopo kinachoelea, vinayeyuka taratibu. Vipele vilipokauka tukajaza maji mapya. Sikuchanganya na klorini hata chembe, mdogo wangu alilirudia hilo mpaka nikamzimia simu. Mama anaoga kwanza kwa sabuni, anaingia, anatoka, anakandwa. Harufu ipo kidogo ukiitafuta. Mama hakuitafuta. Inaniuma kukiri kwamba aliye mbali alikuwa sahihi, ila najifariji kwamba bromini nayo ingeshindwa kama si mimi na brashi yangu.

Jioni moja nilikuwa nachambua mchele nikasikia kofi. Kimya. Kofi tena, kutoka chumbani kwa mama. Mwanamke akiwa katikati ya sala na kuna jambo, haiti, anapiga kofi. Nilitupa ungo nikakimbia nikijua ameanguka.

Hakuwa ameanguka. Kiti kilikuwa kimesogezwa ukutani, na mama alikuwa chini, paji la uso limetulia juu ya mswala, mgongo umejikunja, nyayo zinatetemeka. Alikuwa amesujudu. Alifika chini vizuri kabisa, ila kunyanyuka hakuweza. Kiganja kimoja kilikuwa kinapiga sakafu. Nikapitisha mikono kwapani mwake nikamwinua, akaendelea na sala yake pale alipoishia, na aliposhuka tena nikawa nimeshapiga goti pembeni nasubiri. Alipotoa salamu uso wake ulikuwa umelowa. Wangu pia.

Tangu siku hiyo nasubiri kofi. Adhuhuri anainuliwa na mama mdogo, nyingine zote ni zangu, alfajiri mpaka isha, na kila sala ina sijida zake. Mama si mnene lakini ni mzito, uzito wa mtu aliyejiachia. Nasema ukweli, kuna siku nikiisikia adhana moyo unashuka. Maji yanataka kunuswa, chujio linataka kuoshwa, mama anataka kuinuliwa, na watoto wa darasa la pili wanataka kusoma. Mgongo wangu ukaanza kulia kila ninapoinama, na mimi nikawa naguna bila kujisikia.

Mama alikuwa anasikia. Jumamosi moja, nimeshamaliza kubadilisha kidonge, akatoka uani na kile kiti cha plastiki, akakiweka pembeni ya jakuzi, akakaa.

"Ingia," akasema.

"Nani?"

"Kuna nani mwingine hapa? Ingia, mama. Oga kwanza sabuni."

Nilikuwa sijawahi kuingia mle, isipokuwa likiwa tupu na brashi mkononi. Ilibidi nifikiri niiweke wapi saa yangu. Niliingia na kanga, maji yakanipanda mpaka shingoni, na kitu fulani mgongoni kikaachia kwa maumivu mazuri kiasi kwamba nililia kwa sauti, mtu mzima mimi. Mama alitazama kwingine. Simu yangu ikaita, mdogo wangu, bila shaka anataka kujua vipimo. Mama akaipokea.

"Dada yako yumo majini," akamwambia. "Dawa ni nzuri. Usipige mpaka atoke."

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Nikashika ukingo ninyanyuke, mama akanizuia kwa mkono. Akaniomba nimmiminie maji ya kopo atawadhe, nikammiminia nikiwa mlemle ndani. Kisha akakigeuza kiti kuelekea kibla, akakaa, na sala ile yote akaisali juu ya kiti.