Wakala na Fimbo Yake ya Ulinzi

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mkoa, Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi na kijiko kizuri kilikuwa mali. Ndipo akaja wakala kutoka Dar es Salaam, kijana mtanashati aliyetumwa na kampuni ya Ulaya ya vifaa vya ulinzi. Alitaka kamati ya usalama ya mkoa iishawishi wizara inunue fimbo yake ya betri: ukiipitisha mwilini mwa mtu, inalia ikikuta chuma au madini. Alisema ikiwekwa kwenye vizuizi vya barabara ya Geita, bunduki za wezi wa ng'ombe na dhahabu ya magendo hazitapita tena.

"Wakubwa hawashawishiki na njaa, dada," aliniambia.

Akanunua mbuzi na soda. Vyombo nikaviazima mimi, kwa mke wa mwenye duka wa Kihindi, jirani yangu kule Ngokolo. Alinikabidhi vijiko vyake huku akinikazia macho. "Hivi alinipa mama siku ya harusi. Kisipotee hata kimoja."

Tulikula tukashiba. Nikiwa nakusanya sahani, nikamwona mjumbe mmoja wa kamati, mzee mwenye heshima zake, anafuta kijiko kwa leso. Akafuta na kingine. Kisha leso na vijiko vyote vikazama mfuko wa ndani wa koti. Ningemwambiaje mtu mzima niliyemwamkia shikamoo asubuhi ile?

Wakala akainuka na fimbo yake. "Nani tuanze naye?"

Nikajisikia nasema, "Tuanze na mzee wetu huyu. Magendo anayachukia kuliko sisi sote."

Wenzake wakapiga makofi. Mzee akaweka mezani funguo na saa, akasimama, mikono juu. Fimbo ikapita miguuni kimya, kiunoni kimya. Ilipofika kifuani ikapiga kelele hadi dereva aliyekuwa nje akachungulia dirishani.

"Imeharibika," mzee akasema.

"Haiharibiki hii!" Wakala, akili yote ikiwa kwenye biashara, akatumbukiza mkono kotini, akachomoa leso kwa ushindi. Vijiko vikamwagika sakafuni.

Nikaviokota upesi. "Ahsante kwa kunitunzia, mzee."

"Ndiyo, ng'wanawane," akajibu kwa Kisukuma, jasho likimtoka. "Vingepotea, mwanangu."

Kamati ikajifungia. Baadaye nikaletewa uamuzi niupige chapa: kifaa hicho hakifai kwa mazingira yetu. Wajumbe wote walikuwa wameafiki.

Wakala alinifuata nje, amechanganyikiwa. "Dada, si imefanya kazi barabara? Wamekataa nini sasa?"

"Hicho hicho."

Akacheka mpaka akaegemea gari. Alipopata pumzi akaniambia kesho anakwenda Mwanza.

"Huko," nikamwambia, "jaribu fimbo kabla ya chakula."