Nyaya Chini ya Lenga-lenga

Nilifukia nyaya kwa sababu zilinikera macho. Ndivyo nilivyo: waya ukipinda, chakula hakishuki. Watoto niliowafundisha bustanini walikuwa wamezitandaza ovyo juu ya tuta la lenga-lenga, mchicha wa kwetu, na walipokwenda nyumbani nikachimba mfereji mwembamba, nikazilaza humo, nikafunika kwa majani makavu. Hata kadi ndogo ya elektroniki niliificha, ikabaki taa tu.

Hakuna aliyenifundisha elektroniki. Nilijifunza kwa simu iliyopasuka kioo na kwa kufungua redio zilizokufa, kwa hiyo kila siku nilingoja mtu aje kusema kwamba sijui kitu. Pale Butembo watoto waligeuza maganda ya ndizi kuwa mbolea, wakakinga mvua kwenye pipa, wakataka kumwagilia pale tu udongo unapohitaji. Tukachomeka misumari miwili tutani, tukaiunga kwenye kadi, na msichana mmoja akaandika programu kwenye kompyuta yangu: udongo ukikauka, taa nyekundu iwake. Alikuwa amekimbia vita upande wa Beni pamoja na mama yake. Akikosea alama moja, alifuta mstari mzima. Nilijiona ndani yake, na niliogopa kumpoteza.

Siku ya salongo, mtaa mzima ulitoka na majembe kusafisha. Mama yake alikuwa akipalilia kando ya tuta letu. Jembe likanasa waya, akavuta, misumari ikang'oka. Kwa ile kadi, msumari ulio hewani ni udongo mkavu. Taa nyekundu ikawaka.

“Yezu! Bombe!” mama akalia. Kule walikotoka, waya uliofukiwa ulikuwa bomu.

Majembe yalianguka, watu wakatawanyika. Msichana akapita kando yangu mbio, akielekea kwenye taa.

“Rudi! Hapana guse!” mama yake alipiga kelele.

“Mama, bulongo iko na kiu tu!”

Akachomeka misumari, akamwaga kikombe cha maji. Taa ikazimika. Hakuna aliyepiga makofi. Mama alimshika mkono akanigeukia.

“Donc siku ataona waya ya kweli, atakimbilia vile vile? Yaya, wewe mukubwa wao, jibu.”

Niliinama kuokota waya.

“Basi, harudi hapa.”

Chef wa avenue, kiongozi wa mtaa, alinitazama akitikisa kichwa. “Wewe unapanda waya kama viazi? Yote ionekane, ama uing'oe.”

Nikazifukua zote. Watoto waliobaki wakazifunga juu ya miti ya maharage kwa kamba za migomba, kila moja na kitambaa chekundu. Zilining'inia vibaya mno. Na kabla ya kugusa kompyuta, kila mara, tulianza na sheria mpya. Kisha nikaenda kumwomba yule mama aje aone, hata mara moja.

Alikuja salongo iliyofuata, mkono wa binti yake ukiwa bado ndani ya wake. Aliufuata kila waya kwa macho, toka kadi mpaka misumari. Kisha akamwuliza mtoto mdogo kuliko wote:

“Ukiona waya kwa njia?”

“Hapana guse. Narudi nyuma, naita mukubwa.”

“Na kama taa inawaka?”

“Narudi nyuma mbio!”

Mama akacheka bila kutaka. Akageuza ndoo, akaikalia, akauachia mkono. “Mais niko naangalia.”

Msichana alikwenda moja kwa moja kwenye waya uliolegea, akaufunga, ukazidi kupinda. Nikatia mikono mfukoni, nikaiacha humo.