Bibi Priska wa Getini

Bibi Priska wa nyumba ya chini huvaa ufunguo wa geti shingoni, pamoja na rozari yake. Jengo letu hapa Majengo lina nyumba sita na geti moja. Tangu mlinzi aache kazi mwaka jana, yeye ndiye anayetufungulia, kwa sababu dirisha lake liko hatua chache kutoka getini, na miguu yake haimpeleki mbali zaidi ya hapo.

Kwao ni Kirua Vunjo. Alilea watoto watano kwa maziwa ya ng'ombe wawili na ndizi alizobeba kichwani mpaka Himo siku za soko. Miguu ilipoishiwa nguvu, mwanawe wa mwisho akampangia nyumba huku mjini, karibu na hospitali, kisha yeye mwenyewe akarudi Dar. Basi mama wa watu anakaa dirishani tangu asubuhi akisubiri wa kuongea naye. Geti likigongwa anafurahi. Jina haulizi. Anauliza, "Wewe ni wa ukoo gani?" Taja ukoo wowote wa mlimani, umeshaingia.

Nilimsihi mara nyingi.

"Shikamoo mama. Tafadhali, usimfungulie mtu usiyemjua."

"Marahaba mwanangu. Sasa nisipomfungulia nitamjuaje?"

Waliokuwa ngazini walicheka. Mimi sikucheka. Nauza mitumba sokoni, natoka alfajiri, na binti yangu Violet anabaki peke yake akijisomea arudie mtihani wa kidato cha nne. Niliweka nondo madirishani na komeo la pili mlangoni. Nikamwambia asiitike hodi ya mtu yeyote, hata akisikia sauti ya padri.

Mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, alikuja mwanamume na mkungu wa ndizi begani. Alitaja ukoo, akasema anampelekea shangazi yake wa ghorofa ya juu. Bibi Priska akamfungulia, akazisifu na ndizi. Yule mtu akapanda mpaka mlangoni kwangu. Violet aliona kitasa kinashuka taratibu, kinapanda, kinashuka tena. Aliketi sakafuni, mgongo ameuegemeza mlangoni, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Komeo likashika. Yule mtu akabeba mtungi wangu wa gesi uliokuwa nje barazani, akauweka kwenye gunia, mkungu akauacha. Bibi Priska akamfungulia atoke, akamwambia amsalimie mama yake.

Mtungi si kitu. Violet sasa anasoma ukurasa mmoja asubuhi nzima, macho yako kwenye kitasa.

Mudrik, mwenyekiti wetu wa jengo, akaitisha kikao cha Jumapili. Tulikubaliana mimi niliyeibiwa ndiye nitakayesema: Bibi Priska arudishe ufunguo, kila nyumba ifungulie wageni wake. Nilikariri maneno yangu wiki nzima.

Jumamosi jioni nikasikia mtu anapanda ngazi, anapumzika, anapanda. Nilipochungulia ni Bibi Priska, jasho linamtoka, ameshika kwa mikono miwili jani la isale lililofungwa fundo. Alikuwa ameagiza Kirua, likashushwa na gari la abiria.

"Mama Violet," akasema, "nimekukosea wewe na mtoto."

Mimi nami ni wa mlimani, Marangu. Kwetu mtu akikuletea isale kuomba msamaha, hata kama amekuulia ndugu, huwezi kukataa. Na ukishalipokea, neno limekwisha, hulifufui mbele za watu. Nilimtazama mama mtu mzima kama yule amesimama mlangoni kwangu. Mikono yangu ilipokea kabla sijafikiri.

Kwenye kikao Mudrik akanigeukia. "Haya Mama Violet, sema."

"Nimeshasamehe."

"Nani kauliza habari za kusamehe? Tunazungumzia geti!"

"Ameniletea isale, baba."

"Isale?" Akamtazama mkewe Raya. "Mwizi anazuiwa na jani siku hizi?"

Watu wakacheka. Wa kutoka mlimani wakainamisha vichwa. Bibi Priska alikuwa ameketi, ufunguo bado uko kifuani. Kikao kikafungwa kwa sala.

Jumatatu sikwenda sokoni. Saa tano nikasikia geti linagongwa, na sauti yake: "Wewe ni wa ukoo gani? Aa! Pita baba, pita." Nikashuka mbio. Getini alikuwapo Bibi Priska peke yake, na viatu vilikuwa vinalia kwenye ngazi za upande wa pili.

"Mama, umemfungulia nani?"

"Kijana mzuri tu. Mbona umenikunjia uso, mwanangu? Si ulinisamehe?"

"Nilikusamehe, mama."

Nikapanda tena. Violet alifungua makomeo yote mawili aliposikia sauti yangu.

"Ni nani ameingia?"

"Sijui," nikamwambia, nikafunga.